Panya wa Paa Moja

Panya wa nyumba ile walikuwa na ustaarabu wao. Mchana walilala. Wakitembea, walitembea jioni, wenyeji wakiwa wamefungua redio na hawasikii vizuri. Kwa hiyo hakuna ajuaye ni kitu gani kiliwaamsha asubuhi ile, tena wakati uleule Bwana Afya alipokuwa amesimama katikati ya jiko la Mama Mikate, kalamu mkononi.

Bwana Afya alikuwa mwanamke. Kilichokuwa bwana ni cheo chake, na mwenyewe alishachoka kuwarekebisha watu. Alikuwa amekagua meza ya kukandia, akafunua ndoo za unga, akapitisha kidole ndani ya tanuri, akatazama hata kucha za Mama Mikate na kukiri kwamba zilikuwa fupi kuliko zake. Ilibaki saini tu. Shule ya bweni iliyokuwa mwisho wa barabara ilikwisha sema: mkate wako tunautaka kila asubuhi, lakini tunataka kwanza kuona cheti cha afya ukutani kwako. Mama Mikate alikuwa ameuza mikate kwenye beseni, mlango kwa mlango, tangu ujana wake. Alikwisha kuuchagua huo ukuta, na msumari aliupigilia juzi.

Ndipo juu ya dari zikatimka mbio.

"Nini hicho?" akauliza Bwana Afya.

"Upepo," akasema Mama Mikate.

Bwana Afya akachungulia dirishani. Nguo zilizoanikwa uani zilikuwa zimetulia tuli. Juu yao mbio zikarudi zilikotoka, na safari hii vumbi likadondoka kutoka kwenye maungio ya mbao. Pamoja na vumbi ikadondoka chembe moja nyeusi, ndogo kama punje ya mchele, ikatua juu ya karatasi, mahali palepale pa kutia saini. Bwana Afya akaisukuma kwa ncha ya kalamu.

"Mama, upepo wa kwenu unaacha kinyesi?"

Mama Mikate alitamani ardhi ipasuke immeze, lakini sakafu ilikuwa ya saruji, tena aliisugua mwenyewe jana yake. Bwana Afya hakuwa mtu mbaya. Aliikunja karatasi yake taratibu.

"Jiko lako ni safi, sitakudanganya. Lakini watakaokula huu mkate ni watoto wa watu. Nitarudi Alhamisi ijayo. Nikisikia mkwaruzo hata mmoja, siandiki."

"Na usiposikia?"

"Nisiposikia nitapanda nikaone kwa nini sisikii."


Mume wa Mama Mikate alikuwa fundi wa kufuli na vitasa, na mtaa mzima ulimwita Fundi Funguo. Alipohadithiwa, hakuuliza panya walikuwa wangapi. Aliuliza walikuwa wanakimbilia wapi.

"Kushoto," mkewe akasema. "Halafu wakarudi."

"Kushoto ni kwa dada. Basi ni wa dada."

Nyumba ilikuwa ya baba yao. Alipofariki waligawana kwa amani, dada kushoto na mdogo wake kulia, wakajenga ukuta katikati. Ukuta ule ulipanda mpaka kwenye dari ukaishia hapo, kwa kuwa matofali nayo yaliishia hapo. Huko juu, kuanzia dari mpaka kwenye bati, hapakuwa na kushoto wala kulia.

"Panya hawakuwepo siku ya kugawana urithi," Mama Mikate akasema. "Wewe ndiye unayejua mpaka, wao hawajui."

"Nenda ukazungumze naye. Ninyi ni wanawake, mtaelewana."

"Dada ni wako."

"Ndiyo maana siendi mimi."

Dada Mkubwa, kama wote walivyomwita, aliuza nafaka katika chumba chake cha mbele. Magunia ya maharage, mahindi na choroko yalisimama midomo wazi kuanzia mlangoni hadi ukutani, na yeye alikaa katikati yao na kopo lake la kupimia. Yeye na wifi yake hawakuwa wamegombana. Walikuwa wameacha tu kuombana chumvi, jambo ambalo kwa majirani wa ukuta mmoja ni baya kuliko ugomvi.

"Hodi, wifi."

"Karibu. Umekuja kununua au umekuja kusema?"

"Nimekuja kuomba. Haya magunia yako yanalisha panya, na panya wako wameninyima cheti."

Mteja mmoja aliyekuwa akichambua maharage aliacha kuchambua ili asikie vizuri. Dada Mkubwa akaliweka kopo chini.

"Panya wangu? Wifi yangu, kabla hujaanza kuoka, mimi juu ya bati hili nilikuwa nasikia mvua tu. Umewasha tanuri, wageni wakaanza kuja. Panya gani mwenye akili ataacha mkate wa siagi aje kutafuna choroko mbichi?"

"Nimewasikia kwa masikio yangu wakikimbilia kwako."

"Na mimi nawasikia wakirudi kwako. Kama ni wangu, mbona hawalali hapa?"

Mama Mikate alikuwa na hasira kiasi kwamba swali lile lilimpita. Angelisikia vizuri, hadithi hii ingekwisha hapo, tena kwa gharama ndogo. Badala yake aliaga kwa heshima zote, akarudi nyumbani na kumwambia mumewe, "Ziba."


Fundi Funguo aliposikia neno hilo alifurahi kama mtu aliyekuwa akilisubiri tangu siku ya harusi. Kuna watu wengi wanaojua kufunga mlango, lakini yeye alijua kufunga nyumba. Alipanda darini na mbao, misumari na wavu wa chuma, akanyoosha kizuizi juu ya ukuta wa urithi kutoka kwenye dari mpaka kwenye bati. Kilipokamilika akakitazama, roho yake isitulie. Kizuizi kisichokuwa na mlango kilimkosesha raha. Akakata mlango mdogo wa kupenyea mtu mmoja, akautia bawaba mbili na kufuli imara. Kufuli lilikaa upande wake. Hakuwa na nia mbaya hata kidogo, ila ndiko alikokuwa amesimama.

Kisha akashuka na kuizunguka nyumba upande wake wote, chini ya ukingo wa paa, akiziba kila tundu kwa wavu na saruji. Aliziba na matundu ambayo yasingepitisha kidole. Jua lilipoanza kushuka akanawa mikono, akaketi jikoni na kunyoosha miguu.

"Sasa hata mende akitaka kuingia, lazima aniombe ruhusa."

Mama Mikate akamtilia chai. Moyo wake ulikuwa mwepesi, akakanda unga wa kesho beseni zima, akaufunika kwa kitambaa cheupe ili uumuke.

Giza lilipoanza kuingia, panya wakaamka kama kawaida yao, wakataka kwenda kula. Waliokwenda kushoto wakakuta wavu. Waliokwenda kwenye ukingo wa paa wakakuta wavu na saruji ambayo haijakauka. Wakarudi, wakakutana katikati na, kwa sauti zilizosikika chini, ilionekana wanafanya mkutano.

Mume na mke walikuwa wameinua nyuso kutazama dari.

"Wako upande gani?" Mama Mikate akauliza.

"Juu yetu."

"Wote?"

"Nadhani wote."

Mama Mikate akakiweka kikombe mezani polepole. "Baba, uliwafukuza kwanza ndipo ukaziba, au uliziba tu?"

Fundi Funguo akaitazama mikono yake. Kazi yake ya maisha yote ilikuwa moja: mwenye nyumba yuko ndani, mwizi yuko nje, na yeye anaweka chuma katikati yao.

"Mimi huwa nafungia mtu nje," akasema kwa sauti ndogo. "Habari za ndani sijawahi kuulizwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," mkewe akasema, na kabla hajamaliza methali, kutafuna kukaanza.

Walitafuna ubao wa dari kwa zamu, kwa bidii ya watu wanaolipwa. Fundi aligonga dari kwa mpini wa ufagio, wakanyamaza kidogo kwa adabu, wakaendelea. Kipande cha ubao kikang'oka. Panya wa kwanza akaanguka moja kwa moja juu ya kitambaa cheupe, akazama katika unga laini, akatoka akiwa mweupe na mwenye hofu kuliko wao. Wa pili na wa tatu wakafuata. Mama Mikate alikuwa ameshapanda juu ya kigoda, trei la mikate kifuani kama ngao. Fundi alipiga ufagio huku na huku, akakosa panya wote na kuipata taa. Baadhi wakatoka dirishani. Wengine waliitazama hali ya jikoni, wakaona heri warudi walikotoka.

Palipotulia, Mama Mikate akalichukua lile beseni na kwenda kuumwaga unga wote shimoni. Alirudi, akaketi juu ya kigoda, akalia. Alilia kwa ajili ya unga, kwa ajili ya ile chembe juu ya karatasi, na kwa ajili ya miaka yote ya kubisha hodi kwenye milango ya watu na kuambiwa leo hatutaki. Mumewe alisimama pembeni yake na ufagio, hajui pa kuuweka.


Dada Mkubwa usiku ule alilala usingizi ambao hakuulala tangu aanze biashara. Asubuhi akaenda kwenye magunia yake na kuyakuta kama alivyoyaacha. Jambo lile likampa wasiwasi. Akasimamisha ngazi, akasukuma mlango wake wa dari, akachungulia. Aliposhuka alikwenda moja kwa moja kwa mdogo wake, wala hodi hakupiga.

"Kufuli?" akasema mlangoni. "Katika nyumba ya baba yetu? Tena limekaa kwako, ili niliyefungiwa nionekane mimi?"

"Dada, lilikaa tu."

"Kufuli halikai tu. Wewe ndiye uliyenifundisha hivyo."

Alikuwa na mengi ya kusema na alikuwa ameyapanga njiani, ingawa njia yenyewe ilikuwa hatua chache. Lakini macho yake yakaona tundu la dari lenye ukubwa wa sahani, vigae vya taa sakafuni, na wifi yake akiwa ameketi kando ya tanuri lisilowashwa, macho yamevimba. Hakuwahi kuliona tanuri lile limepoa saa kama ile.

"Wifi, kumetokea nini?"

"Panya wako," Mama Mikate akasema bila nguvu, "wamelala kwangu."

"Kwangu hawakuja kabisa. Hata punje moja haikuguswa."

Dada Mkubwa akainua macho kulitazama lile tundu, akayashusha taratibu mpaka kwenye tanuri lililokuwa chini yake.

"Wanalala kwako," akasema. "Wanafuata joto."

"Na wanakula kwako."

"Ndiyo, wanakula kwangu."

Wakatazamana kama wanawake wawili waliogundua kwamba wamekuwa wakimkopesha mtu mmoja. Aliyeanza kucheka ni Dada Mkubwa. Alicheka mpaka akashika mlango. Mama Mikate akajaribu kujizuia, akashindwa. Fundi Funguo naye akaona ndiyo nafasi yake, akacheka.

"Wewe usicheke," dada yake akamwambia. "Watu wanatafuta ulinzi hawaupati, wewe umewapa panya bure."

Siku hiyohiyo kazi ikaanza, na Dada Mkubwa ndiye aliyekuwa msimamizi, kwa kuwa hakuna aliyeweza kumzuia. Kwanza alitoa uani mapipa yake ya bati yenye vifuniko, ambayo kwa miaka alikuwa akiyatunza kwa kazi asiyoijua, akamimina nafaka zake zote humo. Magunia matupu yakachomwa. Akatoa na pipa moja refu lisilo na kifuniko. "Hili ni la wageni wenu," akasema.

Fundi naye alitafakari. Kama mtu anaweza kutengeneza mlango wa kumzuia anayeingia, kwa nini asitengeneze wa kumruhusu anayetoka peke yake? Akakata tundu kwenye ukingo wa paa, akaninginiza kipande cha bati kwa bawaba iliyolegea, kikisukumwa kutoka ndani kinafunguka, kikiachiwa kinajifunga. Chini yake wakaliweka lile pipa, na ndani ya pipa maji. Alipomaliza akapanda darini, akalitoa kufuli na kulihamishia upande wa dada yake. Ufunguo akampelekea mkononi. Dada Mkubwa aliupokea, akaufunga kwenye pindo la nguo yake.

Jioni ile wote watatu walitoa benchi uani. Bati likainuka kidogo. Ikatoka pua, ikafuata ndevu, kisha mwenyewe mzima.

"Huyo ndiye wa maharage yangu," Dada Mkubwa akasema. "Angalia tumbo."

Chubwi.

"Na huyu ni wa upepo," akasema Mama Mikate. Chubwi.

Walikaa pale mpaka mbu wakawafukuza, na jioni zilizofuata wakakaa tena. Kilichokuwa kikiendelea ndani ya pipa hakihitaji kusimuliwa, na Fundi ndiye aliyepewa kazi ya kulimwaga, ikiwa adhabu yake. Mikate ilitembezwa kwenye sahani moja. Katikati ya kicheko kimojawapo Dada Mkubwa aliomba chumvi, akapewa, na hakuna aliyeona ajabu. Hatimaye ikafika jioni ambayo bati halikuinuka. Kesho yake Fundi alipanda, akazoa viota, akasugua kwa dawa na kuubadilisha ubao wa dari uliotobolewa.


Alhamisi Bwana Afya alifika, akasimama palepale katikati ya jiko, akafumba macho na kusikiliza. Kilichosikika ni tumbo la Fundi Funguo, ambaye kwa wasiwasi hakuwa amekula.

"Ngazi," akasema Bwana Afya.

Akapanda, Fundi nyuma yake na tochi. Chini, Mama Mikate na Dada Mkubwa walisimama wakifuata nyayo kwa macho. Nyayo zikaenda tanurini, zikaenda ukingoni, zikaishia juu ya ukuta wa urithi.

"Huu mlango ni wa nini?"

"Unatokea kwa dada," ikasikika sauti ya Fundi.

"Chini yake kuna nini?"

"Nafaka. Anauza."

"Ufungueni."

Mama Mikate akamgeukia wifi yake na kumwona amebadilika rangi. Ndipo alipokumbuka jambo ambalo wote walilijua na hakuna aliyelitaja: Dada Mkubwa hakuwa na kibali. Hakuwahi kukiomba. Kila mara watu wa ofisi walipopita mtaani, alifunga dirisha na kuwa mgonjwa. Mama Mikate hakufikiri sana. Akainua uso kwenye tundu la ngazi.

"Ufunguo umepotea," akasema kwa sauti kubwa.

Kichwa cha Bwana Afya kikatokeza. "Umepotea? Si mumeo ni fundi wa funguo?"

"Ndiye," akasema Mama Mikate.

"Ni kweli, Fundi? Umepoteza ufunguo wa kufuli lako mwenyewe?"

Fundi Funguo, mtu aliyefungua makasha yaliyowashinda wenyewe na milango iliyowashinda askari, aliinamisha tochi.

"Ndiyo, bibi," akasema. "Na kulifungua pia kumenishinda."

"Basi msinilaumu. Nisichokiona sikitii saini." Akaanza kushuka.

Mama Mikate akautazama ule msumari ukutani, ukiwa mtupu, akayaondoa macho. Dada Mkubwa alikuwa ameona alikotazama. Akafungua fundo la nguo yake.

"Bwana Afya," akasema, "usipande tena. Kwangu kuna mlango wa mbele. Karibu, pita uone."

Bwana Afya alikagua pipa moja baada ya jingine, akafunua, akachota, akanusa, akaangaza nyuma na chini. Hakupata kitu. Kisha akauliza alichokuwa lazima akiulize.

"Kibali chako kiko wapi?"

"Sina."

"Tangu lini?"

"Sijawahi kuwa nacho," Dada Mkubwa akasema. Alikuwa amenyooka, lakini mikono yake ilishika kopo la kupimia kwa nguvu.

Bwana Afya akaketi juu ya pipa, akaiweka karatasi gotini.

"Niambieni, hii ni nyumba moja au ni mbili? Kama ni mbili, mama wa mikate nampa cheti chake sasa hivi, jiko halina doa. Na hili duka nalifunga leo, na kibali utakifuata ofisini, utakipata ukijaliwa. Kama ni nyumba moja, naandika cheti kimoja, mkate na nafaka, majina mawili. Lakini sikilizeni vizuri. Cheti kimoja, kosa moja. Siku nikikuta uchafu huku, na tanuri kule linazimwa."

"Wifi, sema mbili," Dada Mkubwa akasema haraka. "Shule inakusubiri. Mimi nitajua la kufanya."

Mama Mikate hakumtazama. Alikuwa akiitazama kalamu.

"Moja," akasema.

"Umeelewa nilichosema, mama? Kosa la kwake litakuwa la kwako."

"Nimeelewa. Andika."

Kalamu ikaanza kutembea. Fundi Funguo akajifanya anakagua kitasa cha mlango. Dada Mkubwa aligeukia ukutani, akajifuta uso kwa kiganja mara moja, mara mbili, akakohoa, na alipogeuka tena sauti yake ilikuwa imerudi mahali pake.

"Nyumba moja, sawa," akasema. "Lakini vyoo vibaki viwili."

Bwana Afya akaliandika na hilo.